Kifundo cha mguu kimevunjika na daktari ataka kuweka vyuma: fanya hivi

Haya skizeni, naandika hii manake kila baada ya muda kuna mtu anipigia, mara shangazi yake kateleza msalani, mara kijana wa boda kaangukiwa na pikipiki yake pale Buxton hapa Mombasa, na swali ni lilelile, "wamesema wataweka vyuma, tukubali ama tumtafute mzee wa kuunga?" Mimi si daktari. Nilivunjika kifundo cha kulia, fundo la nje na la ndani yote mawili, nikatiwa pleti na skrubu 6 nje na skrubu 2 ndani, na leo natoka Majengo mpaka Marikiti kwa miguu bila kuchechemea. Lakini nilipoteza siku nyingi kwa kutojua, na sitaki wewe uzipoteze.

Tuanze na siku yenyewe ya kuvunjika, manake hapo ndipo wengi huharibu.

Ukianguka na kifundo kikavimba usikubali kukandwa, hata kama ni bibi yako mwenyewe ndiye kashika chupa ya mafuta. Kuteguka na kuvunjika kwa nje vyafanana, vyote vyavimba vyote vyauma, na mkono wa mtu hauoni mfupa. Kuna kipimo chepesi madaktari wa Ottawa huko Kanada walikitoa mwaka 1992 na waweza kukitumia hapohapo ulipo: kama mguu haujapinda, jaribu hatua 4, hata za kuchechemea. Ukishindwa, au ukibonyeza mfupa kwenye ukingo wa nyuma wa fundo la nje au la ndani, kuanzia nchani kupanda juu kama sentimita 6, na papo hapo pakauma, basi wataka eksirei. Mguu uliopinda usiujaribu kitu. Huo chukua mto wa kulalia, uzungushe mguu kuanzia chini ya goti mpaka unyayo, funga kwa leso mbili, yaani kanga, moja juu moja chini, vidole viwe nje uvione, ita tuktuk muende.

Na kama vidole ni baridi, vimepauka au vimekufa ganzi, au kifundo kimetoka mahali pake mpaka ngozi imevutika ikang'ara, hiyo haingoji asubuhi. Ngozi iliyovutwa na mfupa hufa kwa saa chache, lazima mguu urudishwe mahali pake usiku huohuo hata kama kupasuliwa kutakuja baadaye. Mfupa ukitoboa nje, funika kwa kitambaa safi na usiurudishe ndani, usimwage kahawa wala mafuta ya taa, kimbia. Hapo antibayotiki ya mshipa inatakiwa ndani ya saa 1 na sindano ya pepopunda pia, halafu waende wakasafishe kidonda thieta, chumba cha kupasulia.

Sasa mimi nilifanya nini. Nilianguka kwenye ngazi za nyumba wakati wa mvua za mwezi wa tano, mtaa ukaleta mzee, mtu mwema wallahi na alikuja kwa nia nzuri, akanikanda jioni tatu mfululizo kwa mafuta ya nazi ya moto na akafunga vijiti na kitambaa. Usiku wa tatu nikaona malengelenge, mawili yana maji meupe na moja lina maji ya damu, kubwa kama nusu ya ndimu, juu ya fundo la nje. Nilipofika hospitali daktari hata kabla ya eksirei aliangalia ngozi, akagusa pembeni kwa kidole gumba, akaniambia, "Ndugu yangu, hapa siwezi kupitisha kisu." Nikalala siku 12 mguu juu ya mito nikingoja ngozi ipone ndio nipasuliwe.

Nataka hili lieleweke vizuri. Kifundoni hakuna nyama, ni ngozi halafu mfupa. Ngozi ikivimba sana ukaipasua haifungiki vizuri, kidonda kinaachana, usaha unaingia mpaka kwenye chuma. Kwa hivyo daktari ama apasue mapema kabisa kabla uvimbe haujapanda, saa chache tu, ama angoje siku 5 mpaka 14 ushuke. Alama wanayongoja ni makunyanzi. Ukipeleka unyayo juu ngozi ya kifundo ikafanya mikunjo midogomidogo, iko tayari. Ikibaki imejaa na kung'ara kama puto, bado. Kwa hiyo ukiambiwa "rudi baada ya wiki" usidhani umetupwa, ila uliza: mguu umerudishwa mahali pake? Umefungwa plasta ya nusu, ile yenye nafasi ya kuvimba? Kama ndio, nenda nyumbani uinue mguu juu kuliko moyo, barafu iliyofungwa kwenye kitambaa dakika 15 au 20 kila baada ya saa kadhaa, na unapolala weka mito chini ya shavu la mguu, kisigino kiwe hewani. Kisigino kikilalia mto siku nzima hufanya kidonda chake kipya.

Je, kila aliyevunjika ataka vyuma? Hapana, na daktari akueleze. Ukivunjika fundo la nje peke yake, mfupa haujasogea na kifundo kimetulia, plasta au buti maalum yatosha kama wiki 6. Vyuma ni pale kifundo kimelegea. Fikiria mlango na fremu yake. Muundi upande wa ndani na ule mfupa mwembamba wa nje ndio fremu, na mfupa wa chini yao ndio mlango unaocheza humo katikati. Fremu ikipanuka kidogo tu mlango wagonga vibaya. Mwaka 1976 Ramsey na Hamilton walipima kwenye miguu ya maiti wakakuta mfupa wa chini ukisogea nje milimita 1 tu, eneo la mifupa kugusana lapungua kwa asilimia 42. Milimita 1! Uzito wako wote waangukia nusu ya mahali palipokusudiwa, na baada ya miaka gegedu imesagika, ndio wale waona mtu mzima wa miaka 45 hawezi kuteremka ngazi. Mkandaji hata awe hodari vipi hawezi kurudisha milimita 1 kwa vidole.

Vyuma vyenyewe ni hivi. Upande wa nje mara nyingi ni pleti nyembamba na skrubu za milimita 3.5. Upande wa ndani ni skrubu mbili ndefu, au ikiwa kipande ni kidogo sana kwa skrubu, pini mbili na waya uliozungushwa namba nane kuvuta kipande kikae. Hizo pini wanaziita waya za Kirschner, jina la daktari Mjerumani aliyezileta mwaka 1909. Ikiwa kano zinazounganisha mifupa miwili ya juu zimeachana, skrubu moja au mbili hupita mfupa wa nje mpaka wa ndani. Ni chuma cha pua kisichoshika kutu au titani, havioti kutu mwilini wala havivutwi na radi, nimeulizwa hilo zaidi ya mara moja na watu wazima wenye wasiwasi wa kweli, kwa hivyo nalijibu.

Na kuna pini za nje, zile fremu watu waziogopa wakiziona wodini. Zile huwekwa ngozi ikiwa imeharibika, au kidonda ni wazi, au mfupa umesagika: pini nene mbili kwenye muundi, moja kupitia kisigino, na vyuma vya nje vyazishikanisha. Mara nyingi ni za muda, zashikilia mguu mpaka ngozi ipone ndio pleti iwekwe. Kazi yako ni kusafisha pale pini inapoingia, mikono imeoshwa kwanza, kwa dawa waliyokupa na kwa njia aliyokuonyesha nesi, kila pini na kipande chake cha gozi, kile kitambaa cha kusafishia vidonda, usipitishe kimoja kwenye zote. Maji mepesi kidogo ni kawaida. Pakiwa pekundu, pauma zaidi, usaha watoka, au pini yacheza ukiigusa, rudi siku hiyohiyo.

Kabla ya kusaini karatasi ya kukubali kupasuliwa, uliza bila haya. Mimi ningeuliza: mifupa mingapi imevunjika, vyuma gani vitawekwa, ganzi ni ya aina gani, nani atanunua vyuma, na ntaanza kukanyaga lini. Hilo la vyuma usilipite. Mara nyingi utakuta kitanda na thieta vimelipiwa na bima lakini pleti na skrubu waambiwa utafute mwenyewe, na familia yaanza kuchangishana usiku. Jua mapema. NHIF, ile bima ya afya ya serikali ya Kenya, haipo tena, tangu tarehe 1 Oktoba 2024 ni SHA, kama hujajisajili bonyeza *147#, lakini kujisajili peke yake hakutoshi, mchango lazima uwe umelipwa. Uwe Coast General, ile hospitali ya serikali, ama hospitali ya kibinafsi, omba gharama kwa maandishi.

Waambie pia kila kitu unachokunywa na kuugua. Sukari, presha, dawa za kupunguza damu, pumu. Kama una seli mundu sema kwanza kabla ya yote, manake pajani hufungwa mkanda wa kuzuia damu wakati wa kupasua na wao lazima wapange. Sigara acha leo hii, inabana mishipa midogo, mfupa unachelewa kuunga na kidonda kinachelewa kufunga. Muguka na miraa vyapandisha presha na mapigo ya moyo, kama watafuna mwambie mtu wa ganzi ukweli, hatakuripoti popote. Chakula mwisho ni zikibaki saa 6 kabla ya kupasuliwa, maji matupu mpaka zibaki saa 2, na chai ya maziwa ni chakula, si maji. Nimeona mtu karudishwa wodini kwa ajili ya kikombe kimoja cha chai alicholetewa na dadake kwa huruma.

Thieta yenyewe sina mengi. Wakaa ukijikunja mbele kama kamba wa baharini, sindano nyembamba mgongoni, miguu yapata joto halafu yawa mizito kama si yako. Wasikia drili, huhisi maumivu. Mashine ya eksirei yaja na kuondoka juu ya mguu wakiangalia skrubu imekaa wapi. Saa 1 mpaka 2, mwisho.

Sasa ndio kazi yako inaanza, na hapa ndipo nataka unisikie kuliko kote. Vyuma havikubebi. Vyuma vinashikilia tu mifupa isisogee wakati mwili unaunga, na mwili wachukua wiki 6 mpaka 12, mwenye sukari aweza kuchukua mara mbili ya hizo. Chukua waya wa hanga uukunje huku na huku, utaona utakatika hata kama mwanzo ulikuwa mgumu. Pleti iliyokanyagwa kila siku kabla mfupa haujaunga ni hivyohivyo. Na hatari haiko wiki ya kwanza, wiki ya kwanza yauma hakuna anayekanyaga. Hatari ni wiki ya 4, maumivu yameisha, wajiona mzima, jikoni ni hatua tatu tu. Mamangu alinikuta nimesimama kwa miguu miwili nashika friji, hakunigombeza, aliketi akalia. Tangu siku ile sikukanyaga mpaka niliporuhusiwa. Kuna madaktari huruhusu kukanyaga mapema kidogo wakiona mfupa umeshikana imara, lakini ruhusa itoke kwake aliyeuona mguu kwa ndani, sio kwa jirani.

Siku za mwanzo mguu juu, vidole vicheze kila mara. Maumivu yakizidi badala ya kupungua, dawa haishiki, vidole vyafa ganzi au ukivinyoosha wapiga kelele, plasta inakubana, ifunguliwe haraka, hata saa 8 za usiku. Shavu la mguu likivimba na kuuma, inaweza kuwa damu imeganda, nenda hospitali. Ukikosa pumzi ghafla au kifua kikachoma, hiyo ni hatari ya maisha. Ukipewa sindano za tumboni au vidonge vya kuzuia damu kuganda usiruke hata kimoja.

Kidonda kikae kikavu mpaka nyuzi zitolewe, kama wiki 2. Usifungue kapsuli ukanyunyiza unga wa antibayotiki, najua wengi wafanya, haisaidii. Na joto letu hili la Mombasa mguu utawasha ndani ya plasta mpaka uchoke, usiingize kijiti cha mishkaki, kikikwaruza ngozi hutaona kidonda mpaka kinuke. Pigia feni, pigapiga kwa nje.

Nyumbani tatizo kubwa ni choo. Vyoo vyetu vingi ni vya kuchuchumaa na kuchuchumaa huwezi. Tulichukua kiti cha plastiki imara, fundi akakata tundu katikati na kulainisha kingo kwa moto, tukakiweka juu ya shimo, na kamba ya kushikia ukutani. Kuoga ni kiti kingine, mguu kwenye mfuko wa plastiki uliofungwa juu ya plasta, umewekwa juu ya ndoo iliyogeuzwa, nje ya maji. Ukikaa ghorofani hamia kwa ndugu wa chini kama yuko. Kama hayuko, jifunze ngazi: kupanda mguu mzima unatangulia, kushuka magongo na mguu mgonjwa vyatangulia. Gongo lisiguse kwapa, liache nafasi ya vidole viwili vitatu, uzito uwe mikononi, ukilalia kwapa mishipa ya fahamu hubanwa mkono ukafa ganzi. Mipira ya chini ikilika badilisha, vigae vyenye maji vimeangusha wengi mara ya pili. Feri ya Likoni usikimbilie na umati, mwombe askari akupitishe kabla ya wengine, na ule mteremko uende polepole na mtu mbele yako.

Swala waswali kwenye kiti. Udhu, mguu wenye bendeji wapangusa kwa mkono wenye maji juu yake bila kuulowesha, na sheikhe wako atakueleza kama waongeza tayamamu.

Chakula ni mayai, samaki, dagaa, maziwa, maharagwe, mbaazi. Supu ya miguu ya ng'ombe haina ubaya ila isichukue mahali pa hivyo.

Wiki ya 6 eksirei, ukiambiwa anza kukanyaga, hukanyagi wote. Wengi huambiwa waanze na kilo 20 hivi, sasa kilo 20 wazijuaje? Tafuta mizani, hata ile ya wale vijana wa barabarani wanaopima watu, weka mguu mgonjwa juu, bonyeza polepole mpaka isome 20, shika hisia ile, rudia mara kumi. Fizio, yule mtaalamu wa mazoezi ya viungo, usimkose, kifundo kilichokaa wiki 6 kimekauka kama bawaba isiyotiwa mafuta. Kaa na miguu imenyooka, pitisha leso chini ya vidole, vuta kuelekea kwako hesabu 30, achia. Andika herufi hewani kwa kidole gumba cha mguu. Jioni mguu utavimba, na utaendelea kuvimba miezi kadhaa, wengine mpaka mwaka. Kuendesha gari kama ni mguu wa kulia, ni karibu wiki 9 tangu kupasuliwa ndio breki hukanyagwa kwa kasi ya kawaida, na lazima uwe umeshaacha plasta.

Na vyuma vitolewe? Wengi hukaa navyo maisha. Pini zilizoachwa nje ya ngozi hutolewa kliniki baada ya wiki 4 mpaka 6. Ile skrubu ya kuunganisha mifupa miwili, wengine huitoa baada ya miezi kama 3, wengine huiacha, na ikikatika ndani baada ya mguu kupona mara nyingi haina shida. Pleti hutolewa ikiwa yakwaruzana na kiatu, ikiwa na usaha, au yauma, na mfupa lazima uwe umeunga kabisa, kawaida baada ya mwaka hivi. Ikitolewa yaacha matundu ya skrubu mfupani, kwa hivyo wiki 6 hivi hakuna mpira wala kuruka. Mimi zangu nimeziacha. Nikivaa kandambili zenye mkanda wa nyuma, ule mkanda hugusa kichwa cha skrubu ya chini, hapa nje, kidogo kama punje ya mbaazi chini ya ngozi. Nimebadilisha kandambili.